Kabla Saruji Haijamwagwa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo gwarideni mwalimu mkuu ametangaza kwamba watu wa kata yetu waliokufa kwa korona watakumbukwa rasmi. Patajengwa mahali pa kumbukumbu palepale walipozikwa, juu ya mashamba ya chai, na mwezi wa saba kutakuwa na sherehe na mgeni rasmi. Alisema "sherehe", kisha akajirekebisha akasema "hafla". Shule nzima iligeuka kututazama, mimi na Chemutai wa dawati langu, kwa kuwa kila mmoja wetu ana mzazi pale. Chemutai alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama mlingoti wa bendera mpaka macho yakaniwasha.

Baadaye Mwalimu Chepngeno, anayetufundisha Kiswahili, aliniambia kuwa hotuba ya familia za marehemu nitaisoma mimi, kwa kuwa naandika insha vizuri. Nilitaka kumwambia kwamba kuandika na kusimama mbele ya watu ni mambo mawili. Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Ndiyo maana nimeanza daftari hili. Nataka kuandika mambo yalivyo, kabla sijayaandika yanavyotakiwa.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Mama amerudi kutoka kuchuma chai na kikapu nusu.

Jumatano, 7 Mei

Hotuba lazima ianze na Baba, kwa hiyo nianze naye hapa ambapo hakuna wa kunisahihisha.

Aliitwa Zack Obure. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, yule anayepima. Alikuwa na sauti kubwa, si kama mimi. Mtu akileta majani yaliyokomaa alimwuliza, "Mama, haya umeletea kiwanda ama ng'ombe?" Watu walicheka huku wakichambua upya. Kila mtu wa hapa alimpitia Baba karibu kila siku, na nadhani ndivyo ugonjwa ulivyomfikia.

Agosti ya 2020 alianza kukohoa. Alilazwa, na baada ya siku chache akafa. Sisi tulikuwa tumefungiwa ndani, mimi, Mama na mdogo wangu Nyabate aliyekuwa bado ananyonya. Jamaa zetu wa Nyamira, ambako ndiko nyumbani kwetu hasa, walisema mwili usiletwe, wanaogopa. Basi akazikwa hapa na watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwani hadi miguuni. Mama alitoroka, akafika mpaka barabarani, askari akamzuia. Nilikuwa nyuma yake. Walimshusha Baba kwa kamba haraka kama watu wanaoshusha gunia, wakapuliza dawa, wakafukia.

Mama hakutupa udongo. Kwetu Wakisii, mke asiyetupa udongo hajamzika mumewe. Tangu siku ile hajawahi kusema "marehemu". Husema "baba yenu aliye kule".

Jumamosi, 17 Mei

Baraza lilifanyika chini ya turubai nje ya ofisi ya naibu wa chifu. Naibu wetu, Bwana Weldon, ndiye mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Alifungua mchoro mkubwa akauinua ili wote tuone. Slabu moja ya saruji itafunika makaburi yote kumi na moja, na mbele yake ukuta wenye majina. Vibao vya mbao vilivyokuwa vimebaki vimeliwa na mchwa, alisema, na ng'ombe wanalisha pale. Alizungumza kwa upole. Niliona mchoro ni mzuri, nikaona aibu kuuona mzuri.

Mama aliinua mkono. Sikujua kama angesema chochote. Tulipotoka nyumbani alikuwa anazungumzia kuni tu.

"Mimi sitaki slabu," akasema. "Nataka mtu wangu. Nipeni nimpeleke nyumbani, halafu mmwage simiti yenu."

Bwana Weldon alimwambia kwamba kufukua mtu si kama kuchimba viazi, na watu wachache wakacheka. Lakini hakukataa. Alieleza mambo matatu yanayotakiwa: afisa wa afya akubali, wazee wa kwetu Nyamira waseme watampokea, na familia za makaburi ya jirani zisipinge. Yote yawe tayari kabla saruji haijamwagwa. Baada ya hapo hakuna mtu atakayevunja kitu cha serikali.

Hapo akasimama Mzee Kipkosgei, baba yake Chemutai. Mkewe Joan alizikwa wiki ileile na Baba, kando yake. Alivua kofia.

"Mama Moureen ni jirani mwema," akasema. "Lakini sisi Wakipsigis, mtu akishalala, udongo wake hauguswi tena. Zack na bibi yangu wako mkono kwa mkono hapo. Jembe likipiga kwa Zack, limepiga kwa Joan. Mimi nakataa."

Akaketi. Mama alibaki amesimama muda mrefu, kama mtu aliyesahau kwamba ana magoti.

Jumatatu, 19 Mei

Chemutai hakuniwekea nafasi kwenye dawati. Wala mimi sikuitaka.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ya mawe. Ilipiga mashamba yote ya upande wa juu, majani yametoboka kama yametafunwa. Hakuna kuchuma. Mama ameshinda jikoni, kila mara akichungulia juu ya kilima ambako Baba yuko, kana kwamba mtu anaweza kuumia na mvua akiwa chini.

Jumamosi, 31 Mei

Tumekwenda Nyamira kutafuta neno la wazee. Mdogo wake Baba, Baba mdogo Nyamwange, ndiye mkubwa wa boma sasa. Ndiye pia aliyesema mwaka ule mwili usiletwe. Nimemchukia tangu nikiwa darasa la saba, chuki ya kimyakimya ambayo haijawahi kumsumbua mtu ila mimi.

Hakutupeleka nyumbani. Alitungoja sokoni, akatununulia chai na mandazi hotelini, akaongea habari za mahindi. Mama alipotaja Baba, alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. Akasema nyumba inarekebishwa, wazee wamesafiri, tumpe muda.

Njiani kurudi Mama alisema jambo moja tu: "Ukiona mtu wa kwenu anakupokea sokoni, jua kuna kitu nyumbani."

Jumatano, 4 Juni

Nimemaliza hotuba ya kwanza. Mwalimu Chepngeno ameisoma mara mbili akafuta machozi, kisha akafuta aya mbili. Amesema hafla za serikali huwa na lugha yake. Palipokuwa na "mama yangu alizuiwa barabarani" sasa pana "familia zilivumilia mengi". Sikubishana. Nilirudi nyumbani nikaziandika aya hizo mbili upya hapa, kwenye kurasa za nyuma, ili ziwe mahali fulani.

Jumanne, 10 Juni

Ukungu mpaka saa sita.

Ijumaa, 13 Juni

Chemutai alinifuata kwenye bomba la maji. Alisema tusigombane kwa sababu ya wazee. Nikamwambia baba yake anamfungia baba yangu. Akasema na mama yangu anataka kumwamsha mama yake. Tulisimama pale, ndoo zikafurika, mwalimu wa zamu akatupigia kelele kwa kupoteza maji. Chemutai alianza kucheka, nami nikacheka, halafu tukaondoka kila mmoja upande wake.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya leo ni ndefu kuiandika.

Tuko likizo fupi. Asubuhi Baba mdogo Nyamwange alitokea mlangoni, amelowa, amebeba mahindi mabichi kwenye gunia. Mama alimpa kiti na taulo. Alikataa chai. Kwetu mtu akikataa chai kabla hajasema shida yake, shida ni kubwa.

"Shemeji," akasema, "yule mtu tulimzika."

"Mlimzika nani?"

"Zack. Mwaka uleule. Tulichukua mgomba."

Sikuelewa mara moja, lakini Mama alielewa. Kwetu mtu akifa mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa badala yake kando ya nyumba yake, ili asitangetange akiwasumbua walio hai. Wazee waliogopa mwili wa Baba, lakini waliogopa zaidi kumwacha bila kaburi. Kwa hiyo walimzika bila yeye, na bila sisi.

Hayo yangetosha. Lakini Baba mdogo aliendelea, macho yake yakiwa kwenye maji yaliyodondoka toka suruali yake. Mgomba wa kuzika, alisema, hukatwa ukawa shina tupu. Siku ile kulikuwa na kafyu, kila mtu alikuwa na haraka, na vijana waling'oa mgomba mzima na mzizi wake wakautumbukiza shimoni. Msimu wa mvua uliofuata, ukaota.

Mara ya kwanza aliukata. Ukaota tena, mitatu. Sasa ni kichaka kizima juu ya kaburi. Kinazaa. Hakuna anayethubutu kula ndizi zile, na watoto wameambiwa zina sumu. Zinaiva, zinaoza, zinaanguka. Alisema akiwa ndani ya nyumba huzisikia zikianguka. Hii ndiyo sababu alitupokea sokoni. Hakujua angemwambiaje mjane kwamba mumewe amezaa ndizi.

Nyabate, ambaye alikuwa anapukuchua mahindi sakafuni, alicheka. Hakuna aliyemkemea.

Mama akauliza, "Nani alitupa udongo mahali pangu?"

"Mimi," akasema Baba mdogo.

Mama alitoka nje, akaingia katikati ya shamba la chai la jirani, mvua ikimnyeshea. Tulimwona kichwa tu. Baba mdogo aliniambia, "Moureen, mimi nilikuwa na watoto wadogo. Nilifikiri ule ugonjwa unatembea na hewa ya sanduku." Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ana mdomo wa Baba. Nilitamani asingekuwa nao.

Mama aliporudi alikuwa ametulia. Alimwambia arudi awaulize wazee kama kitu hicho kinaweza kutolewa na mahali pakafunguliwa, kwa kuwa mwenye kaburi anakuja. Ndipo Baba mdogo akanywa chai.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani wameombea maandalizi ya hafla. Mama hakusema amina.

Jumapili, 6 Julai

Baba mdogo amepiga simu. Wazee wamekubali. Migomba itang'olewa na kaburi litafunguliwa siku moja kabla mwili haujafika, si mapema zaidi. Kaburi likifunguliwa lazima lipate mtu wake. Likikaa wazi na mtu wake asije, hujitafutia mwingine. Mama alirudia maneno hayo polepole akiwa bado ameshika simu, kama anayeonja chakula kujua chumvi.

Jumamosi, 12 Julai

Kuanzia wiki hii baridi inauma vidole. Mama aliniambia nivae sweta tumfuate Mzee Kipkosgei.

Nilidhani kutakuwa na ugomvi. Alitukaribisha, akamwambia Chemutai alete mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akamimina mwenyewe kwenye vikombe. Wakaongea kwanza kuhusu mvua ya mawe. Kisha Mama akamwuliza kama yeye aliona Joan akizikwa.

"Sikuona hata sanduku," akasema. "Nilikuwa nimelazwa wodi nyingine. Nilitoka nikaambiwa, yuko pale juu. Pale wapi? Nikaonyeshwa kwa kidole."

Chemutai alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu. Nikafikiri, miezi miwili hii nimemwona mzee huyu kama jiwe lililowekwa njiani kwa makusudi, kumbe naye alionyeshwa kwa kidole.

Mama hakumsihi. Alisema tu, "Mimi nikifa leo, kwetu nitazikwa kando ya nani?"

Mzee Kipkosgei alizungusha kikombe kwa muda. Hatimaye akasema hatapinga tena, lakini hatakuwepo. Siku hiyo atakwenda kwa dada yake kule Merigi ili asisikie jembe. "Mkimaliza," akasema, "ule udongo mrudishe kwa mkono. Msirudishe kwa teke."

Mama akasema, "Kongoi," yaani asante. Nadhani ndilo neno pekee la Kikipsigis analolitumia bila kutafuta.

Jumanne, 15 Julai

Afisa wa afya amekubali. Itakuwa Jumatano ijayo, tarehe 23, asubuhi. Bwana Weldon mwenyewe amekuja kutuambia, akampa Mama mkono. Saruji itamwagwa Alhamisi, na shimo la Baba litakuwa limeshafukiwa vizuri.

Usiku Mama alipiga pasi shati la Baba lililobaki. Sikumwuliza la nini.

Ijumaa, 18 Julai

Chemutai ameniwekea nafasi kwenye dawati.

Jumapili, 20 Julai

Hotuba imerudi kutoka kwa kamati. Imebaki ukurasa mmoja. Inasema, "Leo familia zetu zimepata faraja." Nimeisoma mbele ya Nyabate na kuku. Nyabate alisema nasoma kama ninayeomba ruhusa ya kwenda choo.

Jumanne, 22 Julai

Nilikuwa katika kipindi cha Hisabati Chemutai aliponigusa bega. Kupitia dirishani tuliliona lori la saruji likishuka kutoka kule juu, tupu, ngoma yake bado inazunguka.

Sikuomba ruhusa. Nilikimbia na sare. Nilipofika, vijana walikuwa wanavuta ubao mrefu juu ya saruji kuisawazisha, na redio yao ilikuwa inaimba. Saruji ilikuwa ya kijivu, inang'aa, na ilikuwa kila mahali. Sikuweza kujua Baba yuko wapi. Miaka yote nilijua bila kufikiri, tuta la tatu kutoka kwenye mti wa mwiba, na sasa hapakuwa na tuta wala mwiba.

Mama alifika na kikapu bado kiko mgongoni. Hakulia. Aliuliza, "Mmeanza lini?" Kijana mmoja akazima redio. Akasema walianza alfajiri, wameamriwa.

Bwana Weldon alikuja mbio. Alieleza kwamba watu wa mgeni rasmi walipita jana, wakaona mawingu, wakasema slabu ikimwagwa Alhamisi haitakauka kufikia hafla ya Jumamosi. Walitaka imwagwe leo. Alipiga simu ya Mama mara mbili, hakuipokea. Ni kweli, simu ya Mama hubaki nyumbani akienda kuchuma ili isilowe. Kila mtu hapa anajua hivyo. Mtu anayemtaka Mama humtuma mtoto shambani.

"Mama, mimi pia niko na wakubwa," akasema. Nilimwona amechoka, shati lake limetoka kwenye suruali upande mmoja. Nilitaka awe mbaya. Alikuwa tu mtu aliyepiga simu badala ya kuja.

Mama aliuliza kama inaweza kuvunjwa ikiwa bado mbichi. Bwana Weldon na vijana wote wakatazama chini.

Ndipo nikakumbuka Nyamira. Tulikimbia nyumbani kupiga simu. Baba mdogo aliipokea akihema. "Shemeji, tumeshatoa," akasema, kwa furaha kabisa, kabla Mama hajasema neno. "Mizizi yote. Shimo liko wazi, safi, linamngoja."

Jumatano, 23 Julai

Tulikwenda asubuhi, siku ileile tuliyopangiwa, bila Baba.

Boma lilijaa watu waliokuja kupokea mwili. Wanawake walikuwa wamepika tangu jana. Baba mdogo alitukuta langoni, akatazama nyuma yetu barabarani, kana kwamba gari labda limechelewa, ingawa alikuwa ameshaambiwa. Migomba iliyong'olewa ilikuwa imelala kando ya uzio, mizizi juu, na mikungu miwili mibichi bado imening'inia. Upande wa kulia wa nyumba ya Baba, ambayo haijawahi kuezekwa wala kukaliwa, kulikuwa na shimo.

Wazee walikaa kitako. Sikuyasikia yote, ila sauti ilikuwa moja: shimo haliwezi kulala wazi usiku wa pili. Mzee mmoja, Nyaberi, binamu wa babu yangu, alitoka akamwambia Mama kwamba hakuna njia nyingine. Utakatwa mgomba tena. Safari hii shina tupu, na yeye mwenyewe ataukagua. Mama alimsikiliza, kisha akaomba jambo moja, kwamba shina livalishwe shati. Ndipo nikajua shati lilikuwa la nini. Alikuwa amelibeba ndani ya mfuko wa unga.

Basi walimzika Baba tena. Shina lilikuwa jeupe pale lilipokatwa, likidondosha maji, na Baba mdogo ndiye aliyelivalisha. Vidole vyake vilikuwa vinakosea vifungo. Nyabate aliniuliza kwa kunong'ona kama yule ndiye Baba. Alikuwa na miaka miwili Baba alipokufa, hana picha nyingine kichwani. Nikamwambia hapana. Akauliza, "Kwa hivyo yuko wapi?" Nikamwambia anyamaze, kwa ukali ambao haukumhusu.

Mama alitupa udongo. Alitupa mara tatu, polepole. Wanawake walilia naye hakulia. Wote walikuwa wakimtazama ili wajue kama sasa yamekwisha.

Tukiwa jikoni nilimwuliza kama amepata nafuu. Alijifuta kiganja kwenye leso akakitazama.

"Nimefanya ya kufanywa," akasema. "Lakini mkono unajua ulichotupia."

Alhamisi, 24 Julai

Mzee Kipkosgei amerudi kutoka Merigi. Alidhani atakuta tuta moja limefukuliwa na mengine yako salama. Amekuja kwetu moja kwa moja kutoka kule juu, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mimi nilikataa jembe," akamwambia Mama. "Sikusema ndiyo kwa simiti. Sisi hatumwekei mtu jiwe juu. Barazani nilionyeshwa mchoro tu. Nani aliniuliza?"

Mama akamwambia hata yeye hakuulizwa. Wakasimama hivyo, kila mmoja upande wake wa kizingiti.

Ijumaa, 25 Julai

Mafundi wamepaka juu ya slabu tabaka jembamba la saruji la kulainisha. Imenyesha jioni.

Jumamosi, 26 Julai

Mama alisema haji. Nilipokuwa nafunga viatu nikamwona amejifunga leso ya heshima.

Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na kilima chote kilikuwa matope. Pasipokuwa na matope palikuwa mahali pamoja tu, juu ya slabu, kwa hiyo ndipo walipoweka hema. Viti vyeupe vya wageni vilikuwa vimepangwa juu yake, safu nne, na mbele maikrofoni. Familia za marehemu zilisimama chini, kwenye matope, zikiwatazama. Nilimwona mgeni rasmi amekunja mguu, kiatu chake kinachezacheza, na chini ya kiti chake, mahali fulani, Baba au mama yake Chemutai au mwingine wa wale kumi na mmoja.

Kulikuwa na maombi, wimbo wa shule yetu, hotuba mbili. Kisha Bwana Weldon akanitaja jina. Nilitembea mpaka ukingo wa saruji nikasimama. Akaniashiria nipande. Nikabaki pale. Aliashiria tena akitabasamu, akidhani naona haya, na ni kweli nilikuwa naona haya. Akaniletea maikrofoni karibu lakini waya haukufika.

Nilisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Siwezi kupanda hapo. Baba yangu yuko chini."

Walio mbele walisikia. Walio nyuma wakauliza nimesema nini, na maneno yangu yakarudi nyuma mdomo kwa mdomo, kwa Kiswahili, kwa Kikisii, kwa Kikipsigis, yakizidi kuwa makubwa kuliko nilivyoyasema. Mgeni rasmi aliteremsha mguu wake akatazama sakafu.

Kisha Mzee Kipkosgei alitoka katikati ya familia, akavua viatu, akapanda kwenye saruji kwa soksi. Alikwenda kwenye kiti cha mwisho kilichokuwa wazi, akakibeba, akateremka nacho, akakiweka kwenye matope. Akarudi kuchukua kingine. Mama akamfuata, miguu mitupu. Chemutai. Wanawake wawili nisiowajua. Wageni walianza kusimama mmoja mmoja kwa sababu mtu akikusimamia akingoja kiti chako, huwezi kuendelea kuketi. Walishuka wakishikana mikono wasiteleze. Mgeni rasmi alishuka wa mwisho, kiatu chake kikazama mpaka kwenye kamba.

Nilisoma nikiwa matopeni, bila maikrofoni. Sikusoma ukurasa wa kamati. Nilisema zile aya mbili za nyuma ya daftari hili kama nilivyozikumbuka, askari barabarani, kamba, dawa. Sidhani wengi walisikia. Nilipomaliza mtu mmoja alianza kupiga makofi akaacha.

Mgeni rasmi aliweka shada lake ukingoni, akasema ana hafla nyingine Siongiroi, akaenda.

Hema lilipoondolewa tuliona. Lile tabaka jembamba lilikuwa bado bichi. Viti vimeacha alama, vitundu vinnevinne, safu kwa safu, slabu nzima. Bwana Weldon alijishika kiuno. Akasema Jumatatu fundi ataletwa azibe.

Mama alizunguka ukingo mpaka upande ambao zamani kulikuwa na mwiba. Alikisia kwa kutazama ukuta, kisha mashamba, kisha barabara aliyozuiwa. Akachuchumaa, akaweka kidole kwenye tundu moja.

"Miaka mitano hakuna mgeni aliyeketi naye," akasema. "Wewe Weldon, mwambie huyo fundi asije."

Jumapili, 27 Julai

Mvua. Maji yamesimama kwenye vitundu. Mama amekwenda kuangalia, amerudi, amechukua kikapu akakiweka tena chini, kwa sababu Jumapili hatuchumi.

Jioni, akipakua ugali, alimwambia Nyabate, aliyekuwa anauliza tena Baba yuko wapi, anyamaze, kesho atampeleka akamwone marehemu baba yake. Nyabate hakuligundua lile neno, "marehemu". Mimi niliweka kijiko chini.